Mashua ya Fundi Saa

Kifuniko cha birika kiligonga mara moja tu nje ya mlango wa jikoni, kisha kimya. Giza lilikuwa bado halijaondoka. Nilidhani ni paka. Nilipofungua nikakuta birika limewekwa kwenye ngazi, birika zuri la shaba la Fundi Saa, kifuniko kimefungwa kwa uzi ili kisitupigie kelele. Uzi ulikuwa umelegea. Mwenyewe nilimwona mgongo tu, anaondoka taratibu, viatu mkononi.

Viatu mkononi! Mtu anakuletea zawadi na bado anachunga usingizi wako. Ningepaswa kufurahi, lakini nilibaki mlangoni na birika mkononi, nikimtazama mpaka akapotea gizani.

Fundi Saa alikaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Alikuwa mtengenezaji wa saa, mtu wa miaka sitini na kitu, mkewe alifariki mwaka juzi. Uani kwake kulikuwa na mashua ndogo ya makasia waliyokuwa wakiipanda wao wawili siku za mapumziko. Tangu msiba hakuigusa. Jua na mvua viliila, mbao zikapauka, vanishi ikabanduka kama ngozi iliyoungua. Wiki iliyotangulia alimwita binti yangu aing'arishe upya. Binti yangu ni fundi rangi, kazi aliyoachiwa na marehemu baba yake. Mtaani wanamwita Msasa, na sijui kama ni kwa ajili ya kazi au ulimi. Mimi humsaidia kuosha na kufuta vumbi, maana magoti yamekataa mengine.

Kulipokucha nilimwonyesha birika.

"Zuri," alisema, anakunywa chai amesimama. "Mimi jana kanipa redio. Mshona viatu kapewa koleo zote. Mzee anahama au vipi?"

"Amekuambia anahama?"

"Hajasema. Mama, usianze."

Nilishaanza, ila kimoyomoyo.

Zamani nilikuwa na kaka. Wiki moja kabla hajajitoa uhai alikuja kwangu akanivalisha koti lake, koti alilolipenda kuliko chochote. Nikasema asante, nikamkaribisha chai. Sikumuuliza kwa nini ananipa. Miaka arobaini na moja sasa.

Tulipofika, Fundi Saa alitupokea amenyoa ndevu, shati limepigwa pasi. Alinikimbilia na kiti kama kila siku, akakiweka kivulini, akaniwekea na mto mgongoni. Nilipoingia ndani kuchota maji nikaona ukuta. Saa zote zimeondoka. Kila palipokuwa na saa pamebaki duara jeupe, na nyumba iliyozoea kulia tiki-tiki kila pembe ilikuwa kimya mpaka nikasikia pumzi zangu.

"Saa zako ziko wapi, mwanangu?"

"Za watu nimewarudishia, mama. Zangu nimegawa. Saa zote zile za nini kwa mtu mmoja?"

Alisema akitabasamu, mwepesi kama mtu aliyekwisha tua mzigo.

Nje, kazi ilikuwa imefika pazuri. Tulikuwa tumekwangua vanishi ya zamani, tukaosha, tukapiga msasa kufuata nyuzi za ubao, kwanza ule wa kukwaruza, kisha laini, mpaka mbao za kijivu zikarudi rangi ya asali. Tabaka mbili za vanishi zilishakauka. Binti yangu alikuwa anakoroga ya tabaka la tatu, polepole, asiingize mapovu.

"Kaka Fundi," alisema, "nakuuliza tena. Huku chini vipi?" Aliinama, akachomeka kidole kati ya mbao mbili karibu na mkuku, ule uti wa mgongo wa mashua. Kidole kikazama mpaka kwenye kifundo. "Pamba iliyoziba humu imeoza yote. Nipe siku mbili niishindilie mpya."

"Chini tuache. Haina haja."

"Kumbe unaiweka sebuleni?"

"Inaingia majini Ijumaa."

"Majini, hivi ilivyo? Si kumvisha maiti suti huko!"

Fundi Saa alicheka, lakini kicheko kilichelewa kidogo. "Wewe ing'arishe tu, dada. Mwenzangu aliipenda ikimeremeta."

Brashi ikaendelea. Mimi nilibaki nikiutazama ule ufa. Huyu ni mtu aliyeshika maisha yake yote vyuma vidogo kuliko punje ya mchele, asiyevumilia saa ichelewe hata dakika. Alijua vizuri maji yangepitia wapi.

Tukirudi nyumbani nilimwambia Msasa ninachokiogopa. Alisimama katikati ya njia.

"Lakini mama, mbona yuko mchangamfu kuliko mwaka mzima?"

"Ndicho kinachonitisha."

"Na mtu utamuulizaje kitu kama hicho? Kama siyo?"

Nilimshika mkono, tukaendelea kutembea.

Alhamisi, kabla ya adhuhuri, alipaka tabaka la mwisho. Mashua ilimeremeta hata mawingu yakaonekana ubavuni mwake. Fundi Saa aliizunguka, mikono nyuma, hatua ndogo ndogo.

"Kesho asubuhi itakuwa tayari?"

"Kesho asubuhi utaitumia kama kioo cha kunyolea ndevu," alisema Msasa, anajifuta mikono.

"Basi vizuri," akasema. "Vizuri sana. Nawashukuru kwa kila kitu." Kisha akanishika bega, akalibonyeza.

Nikainuka. Nikachukua ufagio nyuma ya mlango wake wa jikoni, nikaanza kufagia ua, pale pale kando ya mashua, kwa nguvu zangu zote.

Nyumbani kwa fundi rangi hakuna kosa baya kama hilo. Katika ndoa yangu yote sikuthubutu hata kukung'uta nguo vanishi ikiwa mbichi. Vumbi liliruka, likatua juu ya ile kazi kama unga juu ya mafuta.

"Mama! Umechanganyikiwa? Acha!" Msasa alininyang'anya ufagio, machozi yanamlenga. "Kazi ya siku zote hizi!"

"Itapigwa msasa upya. Kesho haiendi popote."

Nikamgeukia Fundi Saa. Hakuwa amekasirika. Alinitazama kama mtoto aliyefumaniwa.

"Mwanangu, nakuuliza na unijibu. Ulitaka kuingia majini usirudi?"

Alitafuta pa kukaa, akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa.

"Nyumba haina sauti, mama. Nikiamka nakohoa makusudi, nisikie kama kuna mtu."

"Ndiyo au hapana?"

"Ndiyo."

Nilipiga magoti kwa taabu, nikamshika mikono. Sikumwambia ajikaze. Nilimsimulia habari ya kaka yangu na lile koti. Msasa hakuwahi kuisikia yote. Nikamwona anafuta uso kwa kitambaa, halafu akapiga ukelele, maana kitambaa kilikuwa na tapentaini ya kuoshea brashi. Fundi Saa ndiye aliyeinuka kumletea maji, akamshikia kichwa akimnawisha.

"Makasia yanalala kwangu," Msasa alisema, macho mekundu kama pilipili. "Na pamba ya chini tutashindilia pamoja, wewe na mimi. Hutakaa tena kunitazama kama mkwe!"

Mchana ule ule tulimpeleka hospitali, mimi mkono huu, binti yangu mkono ule. Daktari alimsikiliza muda mrefu mlango ukiwa umefungwa, kisha akasema abaki.

Jumamosi tulimkuta kitandani, ndevu zimeanza kuota. Msasa alimweleza kuwa amepiga msasa ubavu mmoja na bado amenuna kwa sababu yangu. Fundi Saa alitikisa kichwa tu. Macho yake yalikuwa dirishani, na kutoka dirisha lile maji yalionekana, ukanda mwembamba nyuma ya mapaa. Nilimwomba muuguzi amhamishie kitanda cha upande wa pili. Akakubali, akamhamisha bila kutuuliza sababu. Mungu ambariki.

Sikujua kama tulikuwa tumemwokoa au tulikuwa tumemchelewesha tu. Muda wa kutazama wagonjwa ulipokwisha, nikasimama. Alinishika upindo wa nguo kwa vidole viwili.

"Kesho njooni tena, mama," alisema. "Hata kama sitaongea. Njooni."