Enhe za Zuberi

Husna alikuwa na hasira asiyojua pa kuipeleka. Nusu ya mikorosho aliyoachiwa na baba yake kule Mtawanya ilikuwa imeshaishia kwenye tanuru la matofali, kwa ruhusa ya mumewe, Zuberi, na nusu iliyobaki ingekatwa kesho. Alikuwa amemwambia Zuberi kwa kinywa chake, "Mikorosho ya baba isiguswe," naye akaitikia, "Enhe. Kweli kabisa." Sasa Zuberi alikuwa akiapa kuwa hakuambiwa kitu. Husna akaanza kujishuku mwenyewe, na hilo lilimuuma kuliko yale mashoka.

Ndipo Shaheen akamwita. Huyu alikuwa binti wa wenye duka la vitambaa Mikindani, aliyekwenda kusoma Dar es Salaam na kurudi mwaka ule wa 2006 na kompyuta yenye sura ya kuchora inayosikiliza watu. Ili sura ile iitikie kama binadamu, alikuwa amemrekodi Zuberi kwa video, kibarazani kwake, Magomeni ya mjini kwao, akishona huku wateja wakimmwagia ya moyoni. Fundi nguo yule alisifiwa mji mzima kwa kusikiliza.

"Ongea lolote, dada Husna," alisema Shaheen.

Husna akaongea ya mikorosho. Sauti yake iliposhuka, sura ikatikisa kichwa. Alipovuta pumzi, ikasema, "Enhe." Alipopandisha sauti, ikasema, "Kumbe." Moyo ukamlegea, akalia. Angalau amepatikana wa kumwelewa.

"Imeelewaje yote haya?" aliuliza akijifuta macho.

Shaheen akacheka kwa furaha. "Haielewi hata neno moja. Inafuata sauti tu, inavyopanda na kushuka. Mumeo ndiye aliyenifundisha. Aliniambia akiyafuata maneno ya wateja atakata kitambaa kombo, kwa hiyo anaitikia sauti, akili iko kwenye mshono. Alisema hata nyumbani ndivyo anavyofanya."

Machozi yakamkauka Husna palepale. Kumbe miaka yote ile alikuwa akiongea na cherehani, kisha anaambiwa yeye ndiye msahaulifu.

Alimkuta Zuberi kibarazani, miguu ikikanyaga, macho kwenye sindano.

"Ukikatwa mti mmoja zaidi, mimi na wewe basi," alisema Husna.

"Enhe."

Husna akalikamata gurudumu la cherehani, uzi ukakatika. Zuberi akainua kichwa. "Umesemaje, mama Rehema?"

"Sirudii. Inuka twende kwa mwenye tanuru, ukamwambie shamba lile ni la nani."

Wakaenda. Mbele ya yule bwana na vijana wake wa mashoka, Zuberi akaanza kwa kuzungukazunguka, kwamba palikuwa na kutoelewana kidogo, si unajua mambo ya nyumbani. Akasita, akamtazama mkewe amsaidie hata kwa kuguna. Husna alikuwa amemkazia macho, mdomo ameufunga.

Zuberi akaanza upya. "Nilikupa mali isiyo yangu," alisema, akangoja tena.

Husna hakuitikia.