Jina Juu ya Mlango

Rahila hakuwa na hamu ya magofu. Alichokitaka ni kumtoa baba yake nyumbani. Tangu mama yake afariki, mwaka na miezi kadhaa nyuma, Mzee Yaqdhan alikuwa hatoki nyumba yao ya Ghubra, Muscat, ila kwenda msikitini na kurudi, na hata chakula alikuwa akikila amesimama jikoni, kama mtu anayengojwa nje. Basi shule aliyokuwa Rahila akisomesha hisabati ilipotangaza safari ya nusu siku kwa walimu na jamaa zao, kwenda kuuona mji wa kale wa Hajrat Ghaf huko nyuma ya Fanja, aliandika majina mawili bila ya kumuuliza.

Mzee alinung'unika. Alisema magofu ya Unguja aliyoyaona utotoni yamemtosha, na mtu wa miaka sabini na moja hana haja ya kupanda basi kwenda kutazama kitu kizee kuliko yeye. Lakini Jumamosi ile, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Rahila alimkuta ameshavaa, kilemba kimekaa sawa, yuko barazani anangoja.

Dereva wa basi alikuwa Mkenya, jina lake Cornelius, mtu wa Kitale aliyekwishakaa Muscat miaka tisa. Alipomsikia mzee akimwambia bintiye kwa Kiswahili ampishe upande wa dirisha, aligeuka akamwamkia shikamoo. Mzee alifurahi mno. Alihama kiti, akenda kukaa mbele, na njia nzima mpaka Fanja wakawa wanazungumza, kila mmoja na Kiswahili chake, huyu habari za mahindi, yule habari za karafuu. Rahila, kiti cha nyuma yao, aliona kwamba safari imekwishafanya kazi yake hata kabla hawajafika.

Aliyewaongoza alikuwa msichana anayeitwa Jumana, aliyesomea mambo ya kale chuo kikuu. Aliwaonya mapema kwamba saa tano na nusu lazima wawe wamepanda basi, kwa sababu mchana basi lina watu wengine. Kwanza aliwapandisha kilimani kuona makaburi ya mawe yaliyojengwa duara, ya watu walioishi hapo maelfu ya miaka kabla ya Uislamu. Halafu akawateremsha mjini kwenyewe: nyumba za udongo za miaka mia nne, zimeshikana bega kwa bega, nyengine hazina dari, nyengine zimebaki ukuta mmoja tu. Watu walihama wote, alisema, umeme ulipofika ng'ambo ya pili ya bonde.

Kwenye lango walimkuta mlinzi wa mahali pale, mzee mwembamba mwenye fimbo na kishada cha funguo. Jumana alimwita Baba Hisham, kama Waomani wanavyomwita mtu kwa jina la mwanawe wa kwanza. Alitangulia akigonga kuta kwa fimbo, akiwaonyesha wapi pa kukanyaga na wapi dari haiaminiki. Baadaye watu walimuuliza sana Rahila kama baba yake na mlinzi yule hawakufanana, kama moyo wake haukumwambia kitu. Hawakufanana hata kidogo. Baba yake alikuwa mnene, mweupe, msemaji. Huyu alikuwa mkavu kama kuni, na maneno yake ya kuhesabu.

Nyumba ya mwisho ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote. Baba Hisham alifungua mlango kwa ufunguo, wakapanda ngazi za udongo mpaka chumba cha juu chenye kuta zilizopakwa lipu. Jumana alieleza kuwa zamani karatasi ilikuwa adimu, na ukuta ndio uliokuwa daftari: mtoto akizaliwa huandikwa, mafuriko yakija huandikwa, mtu akifa huandikwa. Juu ya mlango, kwa ndani, palikuwa na mistari mitatu ya wino mweusi. Aliwasha taa ya simu, akausoma wa kwanza kwa sauti.

Ulisema: amezaliwa mtoto wetu mbarikiwa, Yaqdhan bin Sleyum bin Aws, katika mwezi wa Rajab, mwaka wa 1367 wa Hijria.

Mzee Yaqdhan alicheka. Walimu wenziwe Rahila waligeuka kumtazama.

"Hilo jina langu," alisema kwa Kiarabu.

Jumana naye alicheka, akamwambia alitaje lote. Mzee akalitaja kama alivyofundishwa utotoni, jina lake, la baba, la babu, la baba wa babu, mpaka la kabila. Jumana alinyanyua simu akautazama ukuta tena. Kicheko kilimtoka usoni taratibu. Yote yalikuwa pale juu, moja baada ya moja, kwa mpango ule ule.

"Hapana," alisema Baba Hisham, aliyekuwa amesimama karibu na ngazi. "Hilo ni jina langu. Mimi nimezaliwa chumba hiki."

Hakusema kwa ugomvi. Alitia mkono kifuani, akatoa kitambulisho chake. Mzee Yaqdhan naye akatoa chake. Jumana aliviweka vyote viwili juu ya kiganja, akaangaza taa, na Rahila akainama kusoma. Jina lilikuwa lile lile herufi kwa herufi. Mwaka tu ndio uliotafautiana: mlinzi alizaliwa 1948, baba yake 1953.

Baba Hisham alimwambia Jumana asome na ya chini, na Jumana, ambaye uso wake ulionyesha kuwa hataki, akasoma. Mstari wa pili ulikuwa na mwandiko ule ule wa kwanza: amesafiri Sleyum bin Aws kwenda Sawahil, mwezi wa Safar, mwaka wa 1369, Mwenyezi Mungu amrejeshe kwa mkewe na mwanawe. Mstari wa tatu uliandikwa na mtu mwengine, kwa mkono mzito. Imefika habari ya kufariki Sleyum katika fitna ya Zanzibar, mwezi wa Dhulqaada, 1383. Mkewe Zuwaina ameingia eda.

Rahila alifanya hesabu bila ya kutaka, kama anavyofanya kila akiona tarakimu. Alfu na mia tatu themanini na tatu ya Kiislamu ni mwaka wa 1964. Babu yake Sleyum, Rahila alimkumbuka kwa macho yake mwenyewe. Alikuwa na umri wa miaka mitano babu alipokufa, na alikumbuka kupakatwa, na mkono wake uliokuwa ukinuka iliki. Hayo yalikuwa Muscat, si Zanzibar. Alimtazama baba yake, akaona midomo yake inacheza: naye alikuwa anahesabu.

Jumana aliwatoa wageni wengine polepole. Walibaki wazee wawili, Rahila, na Cornelius, aliyekuwa amekuja kuwakumbusha saa, akasimama kwenye ngazi bila kujua aendelee kupanda au arudi.

Baba Hisham aliuliza kwanza kama mwenzake ni mtoto wa Sleyum wa kule Sawahil. Mzee Yaqdhan akasema ndiye. Baba Hisham akatikisa kichwa, akasema mama yake siku zote alidhani huenda kule kuna watoto, na hilo hakuona la ajabu, wanaume wengi walioa huko. Kisha akasogea karibu.

"Nna swali moja tu," alisema. "Aliuawa vipi? Mama alikuwa akimuuliza kila mtu anayerudi kutoka Sawahil, na hakuna aliyejua kumjibu."

Rahila alimshika baba yake mkono wa kanzu, akamwambia haraka haraka kwa Kiswahili, "Baba, mwambie risasi. Mwambie alikufa siku ile ile na mkamzika huko. Yaishe."

Kwenye ngazi, Cornelius aliinamisha kichwa. Rahila alikuwa amesahau kwamba yupo mtu anayewasikia.

Mzee Yaqdhan aliutazama ukuta. "Miaka sabini na moja nimebeba jina la mtu, mwanangu," alimjibu. "Leo nimdanganye na mwenyewe?"

Akamgeukia Baba Hisham, akasema kwa Kiarabu, neno moja moja. "Hakuuawa. Alikuja na sisi Muscat mwaka wa sabini na nne. Amekufa themanini na tatu, juu ya kitanda chake. Amezikwa Bausher."

Baba Hisham alipapasa nyuma kwa mkono mpaka akaupata ukuta, akajishusha, akakaa kwenye kizingiti cha dirisha. Fimbo ilimponyoka, hakuiokota. Akauliza tena mwaka wa kufa, akaambiwa tena. Aliposema tena, hakumtazama mtu.

"Mama yangu amekufa tisini na moja," alisema. "Alikaa eda miezi minne na siku kumi kwa mtu aliye hai. Wakaja wanaume watatu kumposa, akawakataa wote. Na kutoka hapa mpaka Bausher ni mwendo wa saa moja."

Mzee Yaqdhan alisema hakujua. Alisema baba yao aliwaambia kuwa kwao ni pwani ya Oman na jamaa zake wamekufa wote. Katika miaka tisa aliyoishi Muscat hakukubali hata siku moja kupelekwa njia ya bara. Ukimtajia safari ya Nizwa au Sumail alisema milima inamtia kizunguzungu, na wao wakaona ni mambo ya uzee. Aliyasema haya kwa kujitetea, lakini alipofika kwenye kizunguzungu alinyamaza ghafla, kama aliyeyasikia maneno yake mwenyewe kwa mara ya kwanza. Alijifunika uso kwa ncha ya kilemba, akalia. Rahila hakuwahi kumwona baba yake akilia, hata siku walipomzika mama.

Baba Hisham alingoja mpaka akamaliza. Halafu akanyanyuka, akaokota fimbo yake, akasema anataka kufunga. Waliteremka. Aliufunga mlango nyuma yao, akashika njia ya upande wa pili wa bonde, hakugeuka.

Cornelius ndiye aliyemshika mzee mkono kwenye yale mawe mpaka chini. Walikuwa wamechelewa dakika arubaini. Rahila alianza kuomba radhi.

"Usijali, mama," alisema Cornelius. "Nimewapigia kazini, nimewaambia mzee amepatwa na mshtuko. Si uongo."

Ndani ya basi watu walizungumza kwa kunong'ona. Safari hii mzee alikaa nyuma, karibu na Rahila, mikono juu ya magoti. Walipofika njia kuu, magari yakianza kuwa mengi, ndipo alipofungua mdomo.

"Kila aliponiita, Rahila," alisema, "alikuwa akimwita nani?"



Wiki tatu zilizofuata zilikuwa ngumu. Mzee alifungua masanduku ya zamani, akapekua karatasi za baba yake moja baada ya moja: hati za safari, barua, picha za Wete. Hakuona hata mstari mmoja uliotaja Hajrat Ghaf wala Zuwaina. Picha ya baba yake iliyokuwa sebuleni aliitoa ukutani, siku ya pili akairejesha, siku ya tatu akaitoa tena. Alimwomba Jumana nambari ya simu ya mlinzi, akaiandika kwenye kipande cha karatasi, na kile kipande akawa anatembea nacho mfukoni bila kupiga.

Aliyepiga ni Baba Hisham. Alikuwa ameipata nambari kwa Jumana huyo huyo. Salamu hazikuwa ndefu. Alisema anataka kulizuru kaburi.

Alikuja Jumatano baada ya alasiri, ameletwa na mwanawe Hisham. Walikutana kwenye makaburi ya Bausher, wakaamkiana kwa kupeana mikono tu. Makaburi yale hayana majina, ni mawe yaliyosimamishwa kichwani na miguuni. Mzee Yaqdhan aliwaongoza mpaka safu ya ukutani, na hapo akasita. Palikuwa na makaburi mawili yaliyokaribiana, na miaka yote hiyo, alikiri kwa aibu, hakuwa na hakika ni lipi. Alikuwa akisimama katikati akasoma Fatiha.

Baba Hisham aliyatazama yote mawili.

"Nimekuja kumwambia maneno mabaya," alisema. "Njia nzima nimeyapanga. Sasa nisije nikamtukana mtu wa watu."

Hakucheka, wala hakuna aliyecheka. Alisimama mahali pale pale aliposimama mdogo wake, akainua mikono, na Rahila, aliyekuwa nje ya ukuta kwa kuwa wanawake hawaingii, aliona migongo yao miwili tu.

Waliporejea Ghubra, Rahila alikuwa ameshaandaa chakula, lakini Baba Hisham alikataa kushuka kwenye gari. Alisema asichukuliwe vibaya; nyumba ambayo baba yake alilala usingizi ndani yake, yeye bado hawezi kuingia. Mzee Yaqdhan alimwambia amefahamu. Akazunguka upande wa pili, akafungua mlango wa nyuma, akaingia akakaa ubavuni mwake. Hisham alishuka akaenda kununua maji, akabaki huko huko.

Rahila aliwapelekea kahawa na tende pale pale njiani. Mara ya kwanza alimsikia Baba Hisham akiuliza baba yao alikuwa akipenda kula nini. Mara ya pili alimkuta baba yake anamweleza namna marehemu alivyokuwa akikoroma, na mwenzake anasikiliza kwa makini kama mtu anayetakiwa kuyaandika. Alipotoka mara ya tatu, jua limekwishazama, vioo vimepandishwa na kiyoyozi kinanguruma. Wote wawili walikuwa wanatazama mbele, sahani ya tende imebaki tupu katikati yao. Alisimama kidogo na birika mkononi, kisha akarudi ndani.