Rudieni Kidogo, Wazee

...na hiyo ni asante ya tisa, asante kwa wafadhili, asante kwa ofisi ya utamaduni, asante kwa usharika uliotuazima viti, na wenye kijiji hata hajawafikia bado, Dada Tabitha, kakikamata kipaza sauti kama mtu aliyekamata kuku asimponyoke, na Hatibu kakaa kando ya televisheni, kidole juu ya deki, jasho linamtiririka kwapani, kwa sababu saa nane hii ya mchana nje jua linawaka lakini humu ndani wamepigilia mablanketi madirishani ili ghala liwe giza, ghala la kahawa lisilo na kahawa tangu shamba liuzwe, watu wanakohoa, wageni wa Dar na wa Ulaya mbele, wenyeji nyuma, na kanda imeshasimamishwa pale pale wanapopataka, dakika ya kumi na mbili, akibonyeza tu basi Mzee Ephraimu atalikataa jani la mdogo wake mbele ya watu wote hawa... "Wiki sita," Tabitha anasema, "wiki sita msanii wetu wa video ameishi nanyi huku mlimani, amekula nanyi, amechota maji nanyi," uongo, maji hajachota hata ndoo moja, aliletewa mpaka mlangoni, na msanii wa video ni nani, kwao mjini Kaloleni wanamwita Hatibu Kamera na anaitika, hana shida, alipopunguzwa kiwandani hakwenda kulia kwa mtu, alichukua ile kamera iliyotoka Dubai na kitabu chake cha Kiingereza, akakaa na kamusi miezi mitatu, hakuna binadamu wa kusimama akasema huyu nilimfundisha mimi, na akikosewa anasema, akikosea anasema, hivyo ndivyo alivyo, mtu wa kunyoosha maneno, ndiyo maana hawa watu wa kambi za sanaa wanamchosha, kila siku mnakaa kwenye duara, mnaulizwa unajisikiaje, unajisikiaje vipi, najisikia njaa! Twahira mkewe alicheka siku aliyomwambia, "Yaani wanakupeleka kijijini ukae tu, wakulishe, upige picha migomba? Na mimi niandikie jina hapo," akacheka, lakini jana kwenye simu ya posta hakucheka, jana alisema ameshawaambia majirani, wote, mpaka mama mwenye nyumba, kwamba Hatibu anakwenda Ulaya na kanda yake, na unamrudishaje nyuma mwanamke aliyeshamwambia mama mwenye nyumba...

...kwani nani aliyeyataka haya, si huyu huyu Tabitha, wiki ya tatu alimwita ofisini, akatazama kanda zake zote, migomba, mfereji, watu wanasalimiana, Meru imejifunika wingu, imejifunua, imejifunika, akavua miwani, "Kaka Hatibu, ni nzuri sana, ila mbona hazina msuguano? Kila mtu anaamkia tu, shikamoo, marahaba, shikamoo, marahaba," msuguano, neno hilo lilimkaa kifuani kama mwiba wa samaki, usiku na mchana msuguano, na haikupita hata wiki akaja Elihuruma mwenyewe, kofia mkononi, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu anaongea kama anaomba ruhusa, akasema kesho naenda kwa kaka yangu na isale. Miaka minne hawajasemezana. Mwaka ule wa ukame Elihuruma alifungulia maji ya mfereji kwenye zamu ya kaka yake, miche ya kahawa ya Ephraimu ikakauka yote, tangu hapo ua umezibwa kwa miiba, watoto wa huku hawavuki kule, kanisani wanakaa mlango huu na mlango ule, na huku ukimpelekea jani la isale uliyemkosea, ukalishika kwa mikono miwili, akilipokea yamekwisha, hakuna kesi tena, hakuna kukumbushana, Hatibu hakuwa anajua, babake ni mtu wa Tanga, alielezwa na Elihuruma palepale, "Njoo na mashine yako, ndugu yangu wa Kaloleni, ukae shahidi, asije kesho akasema sikwenda." Shahidi. Alisema shahidi, hakusema msanii...

Tabitha anageuza karatasi, bado ziko tatu, Mzungu mmoja anajipepea kwa ratiba, na pale safu ya pili, katikati ya wageni, kuna koti la Jumapili, ni Ephraimu mwenyewe, amekuja, nani angesema atakuja, mikono ameikunja, amekuja kujitazama akikataa, kwa sababu kijiji kizima ameshakiambia, mimi hakuna jani nililopokea, ile ya kwanza walikuwa wanajaribisha mashine, na Elihuruma kasimama nyuma kabisa mlangoni, na kati yao watu wote hawa... rudieni kidogo, wazee, basi, maneno matatu, kwani ni maneno mabaya? Miaka sita anayasema, bwana harusi rudia kumlisha keki, bibi harusi usicheke, mama mkwe rudi getini uingie tena na vigelegele, hata msibani, kule Elerai, aliwahi kuwaambia wabeba jeneza warudi barabarani waingie upya maana jua lilikuwa usoni pa lenzi, na wakarudi! Wakarudi, na marehemu wao begani, na baadaye wakamshukuru, kwa sababu mjini kila mtu anajua kwamba kitu kilichotokea ni kile kilichomo kwenye kanda. Huku hawajui. Elihuruma alisimama uani kichwa wazi, jani mikononi, Ephraimu alikuwa anamtazama ng'ombe wake, akasema neno moja la Kimeru chini chini, akalichukua, akalichomeka juu ya mlango, kwisha, dakika haikutimia, hakuna aliyelia, hakuna aliyekumbatiwa, na sauti ya Hatibu ikatoka nyuma ya kamera, "Wazee wangu, samahani, betri imekufa, rudieni kidogo." Ephraimu akageuka. "Turudie? Kwani hili huwa linarudiwa?" Na hapo ndipo Elihuruma, kwa hofu ya kukosa ushahidi wake, maskini, alipofanya lile ambalo mtu wa huku hafanyi, alinyoosha mkono wake mwenyewe akalichomoa jani mlangoni kwa kaka yake, "Kaka, ni kwa ajili ya picha tu," na Ephraimu akalitazama jani, akaitazama lenzi, akaweka mikono nyuma. "Kumbe ulikuja kupigwa picha. Umeingia kwangu umelitoa mwenyewe. Haya, nenda nalo." Na msuguano huo hapo, uso mzima, mwanga safi, mdomo wa Elihuruma unatetemeka, Tabitha alipouona alimshika Hatibu mkono kwa kucha, "Hiki ndicho! Hiki kinakwenda nje!"...

...kwa hiyo kosa ni la nani, la Tabitha na msuguano wake, la Elihuruma aliyechomoa, la Ephraimu mwenye roho ngumu, la hizo betri za... "Na hapa niwasimulie kidogo," Tabitha anasema, ameiweka karatasi chini sasa, anatabasamu, "mjue kazi ya sanaa ilivyo na miujiza yake, maana siku ile betri ya msanii wetu ilikufa! Katikati ya tendo! Isingekufa, tusingepata tutakachokiona leo," wageni wanacheka, makofi kidogo, na kutoka mlangoni, kwa sauti ya kutetea, kama mtu anayemkinga mwenzake na mvua, Elihuruma anasema, "Ni kweli, mama. Msimlaumu. Hata mimi nilimwona, aliitoa, akaipuliza, akairudisha."

Aliipuliza. Ndiyo, aliipuliza. Unapuliza nini kwenye betri iliyojaa? Aliichaji usiku kucha kwa jenereta hii hii, ilikuwa imejaa mpaka juu, aliichomoa na kuipuliza ili wazee wawili waone anaipuliza, kama mganga wa sokoni Kwa Mrombo, kwa sababu ile ya kwanza ilikuwa kimya mno, kwa sababu Ephraimu alikuwa ameipa kamera mgongo na kuku akapita mbele, kwa sababu ndani ya kichwa cha Hatibu mwanamke mwenye miwani alisema kila mtu anaamkia tu... na imo. Ile ya kwanza imo. Dakika ya kumi na moja, mgongo wa Ephraimu, mkono wake unatoka pembeni, unalichukua jani, unalichomeka, unaonekana, hata mtu asiyeona vizuri ataona, amekuwa akiiruka kila anapotayarisha kanda, anabonyeza, inakimbia, hatazami, na alijiambia ni picha mbaya, wiki mbili anajiambia picha mbaya, na ile miiba bado iko uani, na yule pale mlangoni anamtolea ushahidi kwa mdomo wake mwenyewe. Mtu wa kunyoosha maneno! Angekuwa ni mtu mwingine kafanya hivi, Hatibu angekuwa ameshapindua meza.

Kwa hiyo itabidi kurudisha nyuma, sekunde hamsini tu, na kabla ya kubonyeza itabidi kusema, wazee wangu, betri haikufa, na hiyo ndiyo shida, maana maneno mengine yote anayajua na haya hajawahi kuyasema kwa mtu, na wakishayasikia hakuna Ulaya, na Tabitha atavua miwani, na Twahira atapita kwa mama mwenye nyumba ameinamisha macho, na bado Ephraimu anaweza kusema sawa, mkono ni wangu, lakini jani lilishatolewa, nani atamlazimisha, kanda haiwezi, kanda itaonyesha tu kwamba siku moja asubuhi alikuwa amemsamehe ndugu yake mpaka mtu kutoka mjini akafungua mdomo, ataonyesha hivyo, ataonyesha na kusema, Tabitha ameiokota tena karatasi yake, anamshukuru mwenye jenereta, na Hatibu anazunguka kwa macho safu kwa safu kumtafuta mtu wa kumkasirikia, kama alivyozoea, mmoja tu angemtosha, na ghala limejaa mpaka mlangoni na hamwoni.