Sahihi ya Mzee Toste

Mzee Hermínio Toste aliipokea kalamu yangu kwa adabu, akaigeuza mkononi kama mtu aliyepewa kijiko, akaitumbukiza katika kikombe cha kahawa na kuanza kukoroga.

"Umeona?" mwanawe Gil aliniambia, mgongo wake ukiegemea dirisha. "Hii mara ya tatu. Notari wa kwanza alimpa karatasi, akaipengea kamasi. Wa pili, mzee akamwita Padre, akaanza kumuungamia dhambi. Nimechoka, dada."

Nami nilikuwa nimechoka, ila sikusema. Nilikuwa nimeendesha gari kutoka mji wa Turlock tangu saa moja asubuhi, ndani ya ukungu mzito, nyuma ya lori la maziwa lililokwenda kama linaogopa barabara. Umri wangu ni miaka sitini na mitatu. Mimi ni notari, mshuhudiaji wa sahihi za watu. Sina ofisi, nina mkoba wenye muhuri, daftari na kibweta cha wino wa dole gumba, nami huwafuata watu waliko, hospitalini, gerezani, na katika nyumba za kutunzia wazee kama hii. Wengi hudhani kazi yangu ni kugonga muhuri. Kazi yenyewe ni kumtazama mtu usoni mpaka niridhike kwamba ndiye, kwamba anajua anachokitia sahihi, na kwamba hakuna aliyemlazimisha. Mengine nimekatazwa. Nisimweleze mtu maana ya hati yake, nisimshauri akubali au akatae, nisiandike jambo nisiloliona kwa macho yangu. Nilipoanza, makatazo hayo yalinipa fahari. Kadiri miaka ilivyokwenda nilijifunza kujificha nyuma yake, na mtu hujificha akachoka pia.

Hati ya siku hiyo ilikuwa ya kumhamishia Gil shamba la baba yake, ekari themanini nje kidogo ya mji wa Gustine. Ng'ombe walikwisha kuuzwa zamani, banda lilikuwa limelala upande mmoja, na wakulima wa lozi walikuwa tayari kulinunua shamba kama hati ingekamilika kabla ya mwisho wa mwezi. Gil hakuwa mtu mbaya. Alikuja na viatu vya matope na mkate mtamu wa Pasaka, ingawa Pasaka ilikuwa bado mbali. Lakini tulipokuwa ukumbini, kabla hatujaingia chumbani, alikuwa amenieleza jambo lililonikaa kifuani.

"Leo akishindikana tena," alisema, "wakili kaniambia niende mahakamani. Ukileta ushahidi kwamba mzee hajitambui, hakimu anakukabidhi mambo yake yote. Sipendi, lakini nifanyeje?"

Sasa nilimwomba atupishe.

"Nitoke? Nani atakufasiria? Akiwa hivi Kiingereza chote kinamruka, anabaki na Kireno cha kisiwani kwao."

"Sheria haitaki mtu katikati yangu na mwenye sahihi. Na wazazi wangu walitoka kisiwa hicho hicho cha Terceira, kama baba yako. Tutaelewana."

Alitoka akiburuta miguu. Nilingoja mlango ujifunge, nikaitazama ile kalamu. Mzee alikuwa amekorogea kahawa kwa kitako chake. Ncha ya wino aliishika juu, kavu kabisa. Alipomaliza aliipangusa kwa kitambaa cha meza, akanirudishia.

"Mzee Toste," nilimwambia kwa Kireno cha nyumbani, "mtu aliyepotewa na akili hakumbuki kulinda wino wa mwenzake."

Alitazama mlango. Kisha mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko kisicho na sauti.

"Wewe si binti wa Bettencourt, yule muuza mbegu?"

"Ndiye mimi."

"Baba yako aliniuzia mbegu zilizooza mwaka wa mafuriko."

"Akakupa nyingine."

"Baada ya kumkimbiza mpaka mlangoni mwa kanisa!" Alikunywa kahawa yake taratibu, akakiweka kikombe. Sura yake ilikuwa imebadilika. Mzee mpumbavu alikuwa ameondoka, amebaki mtu mwerevu aliyechakaa. "Sikiliza, binti. Kabla ya hiyo karatasi, Gilbert alikuwa akija Krismasi na Pasaka. Tangu karatasi ije, anakuja kila Alhamisi kuangalia kama nimezinduka. Analeta mkate. Anakaa kile kiti pale saa nzima. Juzi kanikata kucha. Mwanangu, miaka hamsini na miwili, kapiga magoti hapa ananikata kucha! Sasa nikitia sahihi, Alhamisi ijayo atakuwa na shughuli zake. Nikisema sitaki, atasusa, simwoni tena. Lakini nikiwa punguani kidogo, anarudi. Kwa hiyo andika hapo kwamba mzee hajitambui, kisha nenda zako kwa amani."

Ningeweza kuandika. Mstari mmoja tu, na pengine ningewahi nyumbani kula mchana. Nisingeweza kumwambia kwamba mstari huo ndio mwanawe aliokuwa akiungoja apeleke kwa hakimu, na kwamba mchezo aliodhani unamrudishia mtoto ulikuwa unamvua madaraka juu ya nafsi yake. Huo ungekuwa ushauri wa sheria, na kwa ushauri wa namna hiyo watu wa kazi yangu hunyang'anywa muhuri. Nilikaa mbele yake nikiwa na jambo moja alilohitaji kulijua na mdomo usioruhusiwa kulitamka. Nilimwonea huruma, na nilijionea hasira.

Maana niliwahi kuuandika mstari huo. Miaka tisa nyuma, mjini Tulare, mjane mmoja aligeukia ukuta akakataa kunijibu. Nilikuwa nachelewa kwingine. Badala ya kuandika kwamba amekataa, niliandika kwamba amechanganyikiwa, kwa kuwa neno hilo halizui maswali.

"Mzee," nilisema, "siwezi kukushauri. Lakini kosa langu mwenyewe ninaweza kulisimulia."

Nikamsimulia, bila kumtaja mjane jina. Nilimweleza jinsi wapwa zake walivyolichukua neno langu wakaambatanisha na barua ya daktari, na jinsi mahakama ilivyomweka mgeni amsimamie. Nilikutana na mjane huyo baadaye katika kiti cha magurudumu, akili zake kamili. Hakunilaumu. Aliniambia tu kwamba siku hizi yule mgeni ndiye anayemchagulia soksi.

Mzee Toste aligeuka kunitazama. "Soksi?"

"Soksi."

"Anamchagulia nzuri angalau?"

"Za kijani kibichi."

"Maskini," alisema, na safari hii hakucheka. Aliitazama mikono yake juu ya shuka, kucha zilizokatwa kwa unyoofu. Sijui mpaka leo kama hapo nilivuka mpaka. Nimelipitia jambo hilo mara nyingi nikiendesha gari, na kila mara napata jibu tofauti.

"Mwite," akasema.

Gil aliingia, akasimama miguuni pa kitanda. Nilimwuliza mzee maswali yangu kama ninavyopaswa, naye akayajibu kwa Kiingereza, polepole, akimtazama mwanawe badala ya kunitazama mimi.

"Naitwa Hermínio Toste. Leo Alhamisi. Hiyo karatasi inakupa shamba langu, Gilbert. Sitaki kuitia sahihi."

Gil alishika ukingo wa kitanda. "Kumbe muda wote huu..."

"Muda wote."

"Na ukaniacha nikukate kucha?"

"Zilikuwa ndefu."

Nilidhani atapiga kelele. Aliikunja hati mara mbili, akaitia mfukoni, akatoka. Hakubamiza mlango. Afadhali angebamiza.

Nilifungua daftari nikaandika: mwenye hati anajitambua, amekataa kutia sahihi. Maneno yalikuwa ya kweli kila moja, na bado mkono ulikuwa mzito. Mzee alikuwa akikitazama kiti kitupu.

"Haya," alisema kwa Kireno. "Kazi yako umeifanya."

Nilitaka kumshika bega. Nilifunga mkoba, nikaaga.

Wiki iliyofuata, Jumatano mchana, nilikuwa namenya viazi simu ilipolia.

"Ni Gil Toste. Kesho una nafasi?"

"Mzee amebadili mawazo?"

"Sijazungumza naye tangu siku ile."

"Na wale wa lozi?"

"Wamepata shamba jingine." Nilisikia mbwa akibweka upande wake, na upepo. "Karatasi bado ninayo lakini."

"Ya nini sasa, Gil?"

Mbwa alibweka tena. Nilikaa chini, kisu mkononi. Kwa miaka ishirini na sita watu wameniuliza waandike nini na watie sahihi wapi, nami nimewajibu kwamba si mahali pangu kusema, mpaka jibu hilo likawa linatoka lenyewe kabla swali halijaisha.

"Siwezi kuja," nilimwambia. "Hakuna sahihi ya kushuhudia."

"Najua hilo." Alikohoa. Sauti yake ilikuwa ya mtu mzima anayeona haya. "Ila nikienda mikono mitupu, dada, nitamwambia nimefuata nini?"

"Usimwambie kitu," nilisema. "Bisha hodi tu. Yupo."