Dawa ya Loveness

Loveness alipofika kwao Vuga kutoka chuoni, alimkuta mama yake, Klara, amechutama jikoni anachemsha ndulele, vile vijitunda vya njano vya porini ambavyo hata mbuzi huvipita.

"Shikamoo, mama. Hizo za nini?"

"Marahaba, mwanangu. Si dawa yako? Baba yako kaanza kuinywa jana."

Loveness aliitoa sufuria mekoni, akaimwaga yote nyuma ya nyumba.

"Mama, hii ni sumu!"

"Wewe ndiye uliyesema inaua saratani," Klara akajibu, na machozi yakamtoka.

Ni kweli alisema. Alipiga simu Pasaka, kwa furaha, akisema kwamba maji ya ndulele yameua seli za saratani kule maabara ya chuo. Wakati huo baba yake, Timotheo, alikuwa bado anaimba besi kwaya ya kanisani. Baadaye ugali ukaanza kumkwama, kisha uji, na madaktari wakasema saratani ya koo imeshasambaa, arudishwe nyumbani.

Chumbani alimkuta amebaki mifupa. Kando ya kitanda palikuwa na beseni. Alikuwa ametapika usiku kucha.

"Mama yako kaimwaga?" aliuliza kwa sauti ya kukwaruza.

"Nimeimwaga mimi, baba."

"Kwani hazikufa zile seli?"

"Zilikufa, lakini kwenye kisahani cha kioo. Dawa hiyo haichagui, baba, inaua na seli zenye afya. Hata panya hatujawapa bado."

"Watu watapewa lini?"

Loveness alitamani kudanganya, akashindwa. "Ni miaka mingi. Dawa nyingi huwa hazifiki kwa watu kabisa."

Timotheo aligeukia ukutani. "Nimewaambia kanisa zima mwanangu ataniponya," alisema.

Siku zile zilizofuata hakukubali kitu chochote kinywani. Mchungaji alikuja akaomba, akaondoka. Klara hakumsemesha binti yake ila kwa mambo ya maji na kuni. Mwishowe Loveness aliteremka shambani, akachuma majani ya mnavu, mboga ileile waliyokula miaka yote, akayachemsha na kuyachuja. Akaketi kitandani na kijiko.

"Baba, nimeitengeneza upya. Hii haina madhara."

Timotheo alifumbua macho. "Ndiyo yenyewe?"

"Ndiyo yenyewe."

Alifungua kinywa kama mtoto. Kijiko cha kwanza kilirudi chote kwa pembe ya mdomo, cha pili vilevile. Loveness alimpangusa na khanga, akajaribu tena, na baba yake akawa anakaza shingo kumeza, anakaza, asiweze.

"Imepita kidogo," Timotheo alisema. Haikuwa imepita hata tone.

Alifariki Alhamisi, kabla ya maharage kuvunwa. Kwenye maziko mwanakwaya mmoja alimshika Loveness mkono, akamuuliza kwa upole kama ile dawa ilichelewa. Loveness akaitikia kwamba ndiyo, ilichelewa, kwa kuwa hakuwa na nguvu ya kueleza.