Kuku wa Mwisho na Trai ya Abner

Abner amerudi! Haki ya Mungu, hivi ninavyosema yuko jikoni kwa mama anakula ugali wa wimbi kama mtu aliyetoka jela, na tata mwenyewe, baba yetu, Mzee Nyasani wa kanisa, amevaa jezi ya Waskoti juu ya shati na tai, na amekataa kabisa kuivua. Lakini nikianzia huko mtasema Esnah anarukaruka kama panzi. Wacha nianze mwanzo.

Kaka yangu Abner ni kadeti, anasomea uofisa katika chuo cha jeshi kule Nakuru. Huko ndiko walimfundisha raga, ule mpira wa kubebwa kwa mikono na kuangushana. Mbio alikuwa nazo tangu zamani, alizipata kwenye mteremko wa kutoka kwetu kwenda mtoni, basi wakamweka winga, yule wa pembeni anayengoja mpira halafu anapotea nao. Mwezi wa kumi na moja akaja nyumbani na habari: timu ya chuo inaenda ng'ambo! Uingereza kwanza, kisha mechi ya mwisho Skotilandi, na kadeti wa huko. Hapa Nyamira nani alikuwa amewahi kupanda ndege akaangushane na Wazungu?

Shida ilikuwa moja tu. Hiyo mechi ya mwisho ilikuwa Jumamosi, na Jumamosi kwetu ni Sabato. Tangu Ijumaa jua likitua mpaka Jumamosi jua likitua, hata jembe halisogezwi pale lilipolala. Na tata haamini saa katika mambo hayo. Yeye anafunga Sabato kwa kuku. Anasema wingu litakudanganya na saa itasimama, lakini kuku hajui uongo. Kuku wa mwisho akishaingia kibandani, ndipo tunaimba wimbo, beti zote, tata anaomba, Amina, na wiki inaanza.

Basi Abner akamweleza, jasho likimtoka kuliko mtu wa gwaride.

"Huo mpira wenyewe uko namna gani?" tata akauliza.

"Una umbo la yai, tata."

"La yai! Kwani kuku ndiye aliutaga?" Mama akacheka, tata hakucheka. "Sikia, omomura, kijana wangu. Za katikati ya wiki cheza, hata uvunje meno. Hiyo ya Sabato, ngoja mimi nifunge Sabato hapa kwangu. Kuku wote ndani, wimbo umeisha, Amina. Hapo ndipo uguse hilo yai lako. Ukiligusa kabla, usirudi hapa na hivyo viatu vyako vya misumari. Nitasema nilikuwa na mtoto."

Abner akainama. Alijua, na tata alijua, kwamba hiyo ni "hapana" iliyovishwa koti la "ndiyo." Nani anacheza mpira usiku? Lakini mimi nilimfinya Abner mguu chini ya meza karibu apige kelele.

"Kubali," nikamnong'oneza.

"Nimekubali, tata," akasema, uso kama maziwa yaliyoganda.

Nje, nyuma ya migomba, nikamshika kola. "Mbumbumbu wewe! Mimi nilienda chuo cha ualimu kufanya nini? Jiografia! Skotilandi mwezi wa kumi na mbili jua linazama mchana, saa tisa na nusu na kidogo. Ongeza masaa matatu, hapa kwetu ni saa ngapi?"

Akahesabu kwa vidole. Macho yakafunguka polepole. "Ni... saa ya kuku!"

"Saa ya kuku! Jua linatua huku na kule pamoja, kama mapacha wanaoenda kulala. Mechi inaanza saa nane na nusu yao. Kipindi cha pili hakijaisha, Sabato imeisha."

"Na kama hawataniingiza?"

"Hapo omba. Mimi ni mwalimu, si nabii."

Akaenda. Saa yake ya mkono hakuigeuza hata siku moja, iliendelea kusoma Nyamira, wenzake wakamwita Bwana Saa Mbovu. Za katikati ya wiki alicheza na kufunga trai, yaani kuulaza mpira nyuma ya mstari wa wapinzani, alama nne. Lakini alipomwambia meja wao kuhusu Jumamosi, meja alimtazama sana, akasema, "Basi kaa benchi uchunge makoti."

Sasa njooni nyumbani, hiyo Jumamosi. Tumekaa nje, tata na Biblia, mama na kanga yake ya kanisani, mimi na macho yangu kibandani. Jua limeingia nyuma ya kilima cha Manga. Kuku wanaingia, mmoja, mmoja, vizuri kabisa. Isipokuwa yule mwekundu. Jamani, yule kuku! Akasimama mlangoni mwa kibanda, akatazama ndani kama mpangaji anayekagua nyumba, akageuka akaenda kuchakura chini ya mgomba.

Moyo wangu! Abner ataingia akitazama saa, akiamini tata amefunga. Na tata hafungi! Kwa sababu ya kuku mmoja, kaka yangu anavunja ahadi bila kujua.

Nikainuka, kama ninayejinyoosha. "Shii," nikamwambia kuku kwa upole. Akanitazama. "Shii, mama, kalale." Akakimbia kuzunguka nyumba. Nikakimbia. Akapita chini ya kamba ya nguo, nikapita, kitambaa cha kichwa kikabaki kwenye kamba. Nikamkata kona karibu na kinu, nikaruka mikono mbele, nikamkumbatia, tukaanguka wote wawili kwenye majivu. Nikamsukuma ndani, nikafunga mlango kwa mgongo.

Tata akainua macho kutoka kwa Biblia. "Esnah, mwalimu mzima. Unafanya nini?"

"Ni baridi, tata. Nimemhurumia."

Akafunga Biblia. "Tuimbe," akasema. Tukaimba beti zote. Amina.

Jumatatu jioni tata alinichukua tuandamane dukani kwa Nehemiah kununua mafuta ya taa. Nehemiah ana redio, na wazee hujaa pale kusikiliza habari. Ikafika michezo. Mtangazaji akasema kadeti wetu wamewashinda Waskoti kumi kwa tisa, na trai ya ushindi imefungwa na kadeti Abner Nyasani, aliyeingia kipindi cha pili badala ya mwenzake aliyeumia.

Duka likalipuka! Nehemiah akapiga kaunta mpaka mizani ikaruka. "Mzee Nyasani! Huyo si wako?"

Lakini Ondieki, ambaye ni mzee wa kanisa kama tata na hawajawahi kukubaliana hata juu ya mvua, akakohoa. "Wako, ndiyo. Na ilikuwa Jumamosi. Si ni wewe ulimtoa binti wa Persis kwenye kwaya kwa sababu ya kufua nguo siku ya Sabato? Huyu wako amefua Wazungu!"

Tata akawa kama jiwe la sabuni la Tabaka ambalo bado halijachongwa. Nikaona mambo yanaharibika, nikanyakua chungwa kwenye kikapu, nikavuta taa ya Nehemiah karibu.

"Wazee, samahani. Hii taa ni jua. Chungwa ni dunia. Sisi tuko hapa tumboni, Skotilandi iko huku juu karibu na kikonyo." Nikalilaza chungwa kidogo, nikalizungusha. "Desemba dunia inainama hivi. Oneni kivuli. Kinafika kwetu na kwao pamoja!"

Nehemiah akatoa macho. "Hata mimi nimekiona!"

"Kwa hiyo," tata akasema polepole, "wakati nasema Amina..."

"Abner alikuwa anavua koti, tata."

"Au alilivua kabla," Ondieki akasema. "Chungwa halina macho."

Tata akachukua mafuta yake. "Kweli. Atakuja mwenyewe. Nitamuuliza swali moja."

Siku zote hizo hakutaja jina la Abner. Hakulitaja hata mezani wakati wa kuombea chakula, na huwa anatutaja wote, pamoja na ng'ombe.

Basi leo. Abner ameshuka barabarani na begi lake la jeshi, watoto nyuma, akina mama wanapiga vigelegele mpaka watu wa soko la Daraja Mbili karibu wasikie. Ondieki naye yuko, amekuja mapema, amekaa kiti cha mbele. Tata akasimama mlangoni. Vigelegele vikafa.

"Usiingie bado. Uligusa ule mpira jua likiwa wapi?"

Abner akasimama wima kama yuko gwarideni. "Jua sikuliona, tata. Kulikuwa na ukungu tangu asubuhi. Tulikuwa nyuma, tisa kwa sita. Winga wetu akavunjika bega. Meja akaita, 'Nyasani, ingia!' Nikatazama saa yangu. Hapa kwetu kuku walikuwa wanaingia. Nikamwambia, 'Bado, bwana.'"

"Ulimwambia meja bado?" Ondieki akauliza.

"Nilimwambia. Wenzangu wakabaki kumi na wanne badala ya kumi na watano, wananitukana kwa kila lugha ya Kenya. Nikajua tata haruki ubeti. Basi saa iliposoma wakati wa kuku wa mwisho, nikasimama kwenye mstari, nikaimba wimbo wetu wa kufunga Sabato. Wote. Kwa sauti. Waskoti wakaacha kucheza kidogo, wakadhani ni wimbo wa vita. Nikasema Amina, nikavua koti, nikaingia. Mpira wa kwanza ulionifikia, nilikimbia nao kama ninashuka mtoni. Waliniona mgongo tu."

"Beti zote?" tata akauliza.

"Zote nne, tata."

Tata akamgeukia Ondieki. "Mzee mwenzangu, wewe Sabato iliyopita uliimba ngapi?"

Ondieki akakuna kidevu. "...Mbili. Mvua ilikuwa inakuja."

Wee! Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini kwenye nyasi. Tata akamvuta Abner kwa mikono yote miwili akamkumbatia, na mimi sijawahi kuona hivyo tangu nizaliwe. Abner akatoa jezi aliyobadilishana na kapteni wa Waskoti, akamvika. Ondieki ndiye aliyeanza kuimba, ule ule wimbo, na safari hii aliumaliza.

Mama akachukua kisu, akaita, "Esnah, nishikie yule mwekundu, ndiye mnono!"

"Yaya! Hapana!" Tata aliruka mbele ya kibanda, jezi ikimfika magotini, mikono ameitandaza. "Chinja mwingine yeyote. Huyu ni wa timu." Halafu akanitazama mimi, kwa pembe ya jicho. "Na wewe, siku nyingine ukimkamata mchezaji, mshike chini, miguuni. Nilikuona. Uliruka juu sana."