Karata ya Panga Tano

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nasema mapema ili usihangaike kumtafuta, maana katika habari hii wapo wengine wa kulaumiwa, ila wote wana visingizio vizuri kuliko changu.

Nauza makoti ya mitumba Tunduma, pembeni mwa foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia. Julai baridi ikikaza, hiyo ndiyo sikukuu yangu. Kabla ya makoti nilisukuma toroli la magendo hadi Nakonde, ng'ambo ya mpaka, nikalala mahabusu siku tisa, nikatoka na meno mawili pungufu. Kabla ya toroli nilibeba magunia Mbeya, kwenye duka la mzee Jayanti. Kote huko nilijifunza jambo moja tu: mtu anayecheka hakupigi. Basi nikawa mchekeshaji.

Jumatano asubuhi mdogo wangu Tabita alinipigia simu kutoka Igamba.

"Kaka, Osea anakuja kwako. Nimemdanganya umemwekea koti. Mkalishe huko mpaka Ijumaa."

"Kafanya nini?"

"Bado hajafanya. Ananoa panga tangu juzi."

Osea ni mume wake. Baba yake Osea alipogawa shamba la kahawa hakupima ekari, alihesabu mistari ya mibuni. Kumi na miwili kwa Zabron, mtoto mkubwa. Kumi na miwili kwa Osea. Mmoja wa katikati akamwachia mke wake, asije akaombaomba kwa wanawe. Ukaitwa mstari wa mama. Mama akafariki Machi, na kumbe hakuna aliyewahi kuuliza mama akifa mstari unakwenda kwa nani. Kahawa ilipoiva, Zabron akauchuma wote. Osea akaomba nusu, akakataliwa. Akaomba robo. Mwisho akaomba mibuni mitano tu, ile aliyompandia mama kwa mikono yake, na Zabron akamjibu kwamba hapati hata kijiti cha kuchokolea meno. Wazee wa ukoo wakasema watakaa Ijumaa waugawe.

Kazi yangu, basi, ilikuwa siku mbili za kumchekesha shemeji. Kazi gani rahisi kuliko hiyo?

Alifika mchana, mwembamba, kimya, macho mekundu kama aliyelala kwenye moshi. Nikamvisha koti na kumpapasa kiunoni nikijidai napima. Hakuwa na kitu.

"Shem," nikamwambia, "umekonda mpaka koti linakuvaa wewe."

Akatabasamu kidogo. Nikaona tumeshamaliza.

Pale kibandani walikuwepo madereva wawili wa Kizambia wakijaribu makoti, na mbele ya watu wawili mimi huwa siwezi kukaa kimya. Nina pakiti ya karata niliyoikuta ndani ya belo la mitumba, mfukoni mwa koti. Sisi wauza mitumba hatupangi bei kabla ya kupekua mifuko. Dereva mmoja wa Ndola ndiye aliyeniambia zinaitwa taroti, kwamba Wazungu huzitumia kutabiri, akanifundisha maana ya kama kumi hivi kabla lori lake halijavuka. Zilizobaki najitungia.

"Chomoa moja, shem. Tuone kama Tabita bado anakupenda."

Akachomoa. Mwanamume amesimama, amekumbatia panga tatu, mbili ziko chini, anacheka upande. Nyuma yake watu wawili wanaondoka wamempa mgongo, mmoja amejifunika uso. Hii ilikuwa mojawapo ya zile nilizofundishwa. Ni karata ya ugomvi.

Hapo ndipo mtu mwenye akili angeirudisha kwenye pakiti na kuagiza chai.

"Huyu anayecheka ni Zabron," Osea akasema.

Dereva mmoja akaniita shemeji kwa lugha yao, "Mulamu, msomee vizuri, huyu ana jambo zito." Nami kusifiwa kunanilewesha kuliko pombe. Nikapanda juu ya belo.

Mzee Jayanti alikuwa na kalenda ukutani, yenye mungu wa Wahindi, Krishna, rangi ya bluu, anamnong'oneza mpiganaji aliyedondosha upinde. Mchana wateja wakikatika alinisimulia habari zake huku anakung'uta mizani. Nikaanza kuzimwaga pale.

"Panga tano, ndugu watano! Hawa walikuwa wana wa baba mdogo. Wana wa baba mkubwa walikuwa mia moja, na kwetu hao wote ni ndugu tu, au siyo? Wale mia wakachukua nchi nzima. Watano wakaja kwa adabu, wakasema basi, tupeni vijiji vitano. Unajua mkubwa wa wale mia alijibu nini? Kwamba hawatoi hata udongo wa kusimamishia sindano!"

Osea alikuwa ameacha kufunga vifungo vya koti.

"Vijiji vitano," akasema.

"Vitano, shem."

"Wakafanyaje?"

"Wakaenda vitani. Ila yule hodari wao alipofika uwanjani akaona ng'ambo kuna babu yake, mwalimu wake, ndugu zake. Mikono ikamlegea. Akasema bora niombe chakula barabarani kuliko kuwaua hawa. Ndipo Krishna akamwambia..." Nikanyamaza kidogo, maana najua pa kunyamaza. "Inuka upigane!"

Madereva wakapiga makofi. Mmoja akapiga mluzi.

"Mungu ndiye alisema?" Osea aliuliza. Hakuwa anacheka. "Hata na ndugu yake?"

"Mungu mwenyewe."

Sehemu iliyobaki niliijua. Mzee Jayanti hakuwahi kuiacha: vita vilipokwisha, mama wa wale mia alitembea uwanjani akiwatambua wanawe kwa vipande, na yule aliyeshinda akakaa kwenye kiti chake anatapika majuto. Ilikuwa mdomoni. Lakini dereva mrefu akauliza kama koti la kijivu ni saizi yake, nikashuka kwenye belo, nikaanza kumpima mabega. Nilipogeuka, Osea hayupo. Nikadhani ameenda chooni. Nilimdhania chooni nusu saa nzima.

Nilipiga simu yake, imezimwa. Ya Tabita sikuipiga. Nilijiambia kwamba atalala njiani Mlowo, hasira zitapoa na baridi, nisimtie mdogo wangu hofu bure.

Alhamisi kulipopambazuka Osea aliingia shambani na kuanza kuukata mstari wa mama. Kule mbuni ukizeeka huwa unakatwa karibu na ardhi, uchipue upya. Kila mkulima anajua kuukata, na mkono wake haukosei. Hii haikuwa imezeeka. Ilikuwa imebeba matunda mekundu ya mchumo wa pili. Alikata ishirini na sita. Zabron akatoka mbio na fulana ya kulalia, mikono mitupu, akasimama mbele ya wa ishirini na saba, akaukumbatia.

Zabron alifia kwa jeraha la panga ndani ya pikapu, kabla hawajafika Vwawa. Ijumaa wazee walikaa kama walivyoahidi, wakapanga mazishi.

Nilikwenda Igamba siku ya nne ya msiba. Osea yuko mahabusu. Tabita nilimkuta nyuma ya nyumba, anapika peke yake. Wanawake wa upande wa Zabron hawaji tena jikoni kwake. Kahawa yao iliyochumwa Jumatano ilikuwa bado kwenye magunia, haijamenywa, imechacha, inanuka kama pombe iliyomwagika. Mashine ya kumenyea ilikuwa moja kwa nyumba zote mbili, nayo iko uani kwa marehemu.

"Ulimwambia nini?" akaniuliza. "Polisi kaniambia anarudia tu kwamba mungu wa shemeji yake alimruhusu."

Nikamweleza. Nikajaribu hata kuichekesha mahali, kwa mazoea.

"Ilikuwa utani, Tabita. Karata ni karatasi."

"Nilikuomba siku mbili."

"Osea ni mtu mzima. Panga lilikuwa lake, mkono wake. Hata zile siku mbili zingekwisha, angerudi tu."

"Ijumaa wangempa mibuni yake mitano."

"Hujui kama wangempa."

"Sasa hatutajua wote."

Nikaona nashindwa, nikafanya wanachofanya wajinga, nikapandisha sauti. "Basi si mimi niliyesema apigane! Ni Krishna! Mimi nimesimulia tu kilichosemwa!"

Tabita akavuta kuni moja nje ya moto, akaizima mchangani.

"Na alipokwisha kusema hivyo, akaenda wapi?"

"Nani?"

"Huyo mungu."

Nilijibu kabla sijafikiri, maana hadithi naijua vizuri. "Hakwenda popote. Yeye ndiye aliyekuwa anamwendeshea gari la farasi. Siku kumi na nane alishika hatamu, na mishale ikampata."

"Basi huyo alikwenda naye, kaka. Wewe ulibaki Tunduma unapima watu makoti."